Beni na Vijana wa Kanisa

Twapenda kukumbusha habari za ngoma ya beni, kwa kuwa ina fundisho kwetu sisi waalimu na makasisi.

Asili yake ni miji ya pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Vijana waliziona bendi za askari wa Kizungu wakaziiga: wakajipanga safu, wakavaa sare, wakajitwalia vyeo vya jeshi, wakapita njiani kwa matarumbeta na ngoma kubwa. Tanga, shule ya Serikali ya Wadachi ilikuwa na bendi ya wanafunzi kabla ya vita ya 1914. Vyama viwili vilijulikana sana, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana. Wengi wa Arinoti walikuwa watu wa bara na wachukuzi. Vita ilipokuja, askari na wapagazi waliichukua beni mpaka Nyasa, ndiyo Malawi ya sasa, na huko wasio na tarumbeta wakajitengenezea za vibuyu.

Wakuu wa dini, Wakristo hata Waislamu, walinung'unika. Hawakukosa sababu: fedha iliishia katika mavazi na karamu za kushindana, na watu walikesha. Lakini kijana hakuelewa kwa nini tarumbeta ni njema mkononi mwa askari, na mkononi mwake ni dhambi. Palipokuwa na katazo tupu, aliachiwa achague: kanisa au wenzake.

Masasi ilijaribiwa njia nyingine, katika habari ya jando. Tangu 1913 Padre Vincent Lucas wa UMCA, aliyekuwa Askofu wa huko 1926–1944, hakulifuta jando, bali alilisafisha akaliweka chini ya uongozi wa Kanisa. Jando si beni, lakini swali ni moja: lipi ni baya lenyewe, na lipi latumiwa vibaya tu?

Swali hilo halijazeeka. Kijana apigaye gitaa barabarani Jumamosi, na Jumapili akaimba katika kwaya, yu kati yetu hata leo. Tusimkaripie kabla ya kumwuliza aimba nini, akesha wapi, na fedha yake yaenda wapi. Lililo baya tumwonye waziwazi. Kisha tumpe kazi nyumbani mwa Mungu. Wahenga walisema, Mcheza kwao hutuzwa. Asiyetuzwa kwao hutafuta kwingine.