Pima Damu Kabla ya Kudunga Sindano: Historia ya Vimelea vya Damu kwa Farasi na Punda

Ndugu mfugaji, kama una punda wa kubeba maji au wa kuvuta mkokoteni, au unatunza farasi, makala hii inakuhusu. Mnyama anakonda huku anakula. Homa inapanda, inashuka, inapanda tena. Uvimbe unajitokeza chini ya tumbo na miguuni. Jirani anakwambia, "Mdunge ile dawa ya ng'ombe, atapona." Kabla hujaenda duka la dawa, tuangalie watu waliotutangulia waliujuaje ugonjwa huu. Walilipa gharama kubwa, nawe unaweza kuikwepa.

Nafuu siyo kupona

Mwaka 1858 David Livingstone, mmisionari aliyezunguka kusini mwa Afrika, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu farasi jike aliyeumwa na mbung'o, yaani ndorobo. Alimpa aseniki, ambayo ni sumu, kwa kiasi kidogo. Farasi akapata nafuu, lakini baadaye ugonjwa ukarudi na akafa. Wakati huo wafugaji wa Kiafrika walijua tayari kwamba penye ndorobo mifugo haikai. Kilichokuwa hakijulikani ni kitu gani nzi huyo anakiacha ndani ya mnyama.

Aliyechungulia damu

Mwaka 1880 jeshi la Uingereza nchini India lilikuwa linapoteza farasi na ngamia kwa ugonjwa ulioitwa surra. Daktari wa mifugo Griffith Evans, mzaliwa wa Wales, alitumwa Dera Ismail Khan, mji ambao leo uko Pakistani. Alichukua damu ya farasi wagonjwa na kuitazama kwa hadubini. Akaona vidudu vyembamba vikijinyonganyonga katikati ya chembe nyekundu. Akawapa wanyama wazima damu ile, nao wakaugua.

Wakubwa wake hawakukubali. Walisema vidudu hivyo havisababishi ugonjwa. Evans hakuyumba, na muda ukamthibitisha: kimelea hicho leo kinaitwa Trypanosoma evansi. Alifariki mwaka 1935 akiwa na miaka 100.

Surra haimtegemei ndorobo. Husambazwa na nzi wengine wanaouma, na ndiyo maana inawasumbua ngamia wa kaskazini mwa Kenya hata pasipo na ndorobo.

Jaribio la Ubombo

Mwishoni mwa mwaka 1894 daktari wa jeshi David Bruce na mkewe Mary walifika Ubombo, mlimani katika nchi ya Wazulu, kuchunguza nagana. Bondeni kulikuwa na ndorobo, mlimani hawakuwepo. Watu wengi walidhani ugonjwa unatokana na majani au maji ya bondeni.

Bruce aliteremsha farasi bondeni wakiwa wamefungwa midomo, wasile wala kunywa, kisha akawarudisha mlimani. Baadhi yao waliugua. Pia alileta majani na maji ya bondeni akawapa farasi waliobaki mlimani, nao hawakuugua. Lawama ikabaki kwa nzi. Alipopima damu ya wanyamapori kwa kuwadunga mbwa, aligundua kwamba baadhi yao, akiwemo nyati, hubeba kimelea bila kuonekana wagonjwa. Ndiyo sababu punda anayechungwa karibu na hifadhi yuko hatarini zaidi.

Somo la mwaka 1916 hapa kwetu

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Jenerali Jan Smuts aliingiza Tanganyika askari wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Kikosi kimoja kilisonga hadi Kondoa mwaka 1916. Maelfu kwa maelfu ya farasi na nyumbu wa mizigo walikufa njiani. Wengine waliuawa na ndorobo, wengine na ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao ni wa virusi na hauna uhusiano na vimelea vya damu. Wanyama walipokwisha, mizigo ilihamia vichwani mwa wapagazi, na wengi wao hawakurudi nyumbani. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao.

Homa na uvimbe kwa farasi, basi, vinaweza kutokana na magonjwa tofauti kabisa. Ukikisia, unaweza kutibu ambacho hakipo.

Kimelea cha kupe

Mwaka 1901 Mfaransa Alphonse Laveran, yule aliyegundua kimelea cha malaria, alieleza kimelea kingine cha farasi. Hiki huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Baadaye ilibainika kuwa ni viwili: Babesia caballi na Theileria equi. Vyote huletwa na kupe. Mnyama hupata homa, utando wa macho hupauka au kuwa wa njano, na pengine mkojo huwa mwekundu. Aliyepata Theileria equi anaweza kuendelea kuibeba maisha yake yote hata akionekana mzima.

Wewe ufanye nini?

Mwite mtaalamu wa mifugo mapema, homa ikiwa juu, na kabla ya dawa yoyote. Damu kidogo ya mshipa wa sikio inatosha. Tone bichi likitazamwa papo hapo huonyesha vidudu vinavyocheza, kama alivyoona Evans. Tone lililokaushwa na kupakwa rangi ya Giemsa huonyesha pia vile vya ndani ya chembe. Kipimo kikikosa kitu, usishangilie. Vimelea hupungua na kuongezeka kwenye damu, kwa hiyo rudia siku zinazofuata.

Siyo kila dawa ya vimelea vya ndorobo hutibu vimelea vya kupe, wala kinyume chake. Diminazini, dawa ya unga inayochanganywa na maji ambayo wengi tunaitumia kwa ng'ombe, farasi na punda hawaivumilii vizuri, na sehemu iliyodungwa huweza kuvimba vibaya. Imidokabu hutibu vimelea vya kupe, lakini huleta maumivu ya tumbo, na dozi kubwa inaweza kumuua punda. Kwa hiyo uzito ukadiriwe kwa kamba ya kupimia kifua, siyo kwa macho, na dozi aipange daktari wa mifugo.

Baada ya tiba, mpumzishe kazi na umpime damu tena. Farasi wa Livingstone naye alionekana kupona.