Kwotabeki mgeni na mechi za Agosti: tunaona nini hasa?

Kila mwaka ikifika Agosti, kurasa za michezo za Marekani hujaa habari za kijana mmoja aliyecheza dakika chache za mechi ambayo matokeo yake hayahesabiwi popote. Kijana huyo ni kwotabeki mgeni katika ligi ya NFL. Akirusha pasi nzuri mbili, basi mkombozi kapatikana. Akirusha mbaya mbili, klabu imetupa pesa. Mimi nafanya kazi hii hii ya kuandika habari, na najua presha ya mhariri anayetaka kichwa cha habari kabla ya saa mbili usiku, kwa hiyo siwacheki sana wenzangu wa kule. Lakini hebu tuangalie historia inasema nini, maana mifano ipo na tarehe zake zipo.

Kwanza nieleze kidogo kwa wale wenzangu ambao mpira wao ni soka tu. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza. Ana sekunde mbili au tatu za kusoma ulinzi, kisha arushe, au amkabidhi mwenzake, au akimbie mwenyewe. Timu inaweza kuwa na beki dhaifu ikaishi. Isiyo na kwotabeki inaweza kuhangaika miaka kumi. Ndiyo maana klabu inayoshika mkia hupewa nafasi ya kwanza kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni (wenyewe wanaita drafti), na mara nyingi sana chaguo hilo la kwanza huwa kwotabeki. Mji mzima unamsubiri.

Sasa mechi zenyewe. Hapa kwetu tungeziita za kujipima nguvu. Kwa miaka mingi zilikuwa nne kwa kila timu, mwaka 2020 hazikuchezwa kabisa kwa sababu ya Covid-19, na tangu 2021 ni tatu. Timu huingia kambini na wachezaji 90 na lazima ibaki na 53 kabla ligi haijaanza. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wakubwa wa timu hucheza kidogo au hawavai kabisa jezi, kwa kuogopa majeraha. Makocha wa ulinzi huficha mbinu zao, hawataki wapinzani wa Septemba wazione kwenye mikanda. Kwa hiyo kijana wetu anayeng'ara katika robo ya tatu mara nyingi anawarushia pasi watu ambao wiki mbili zijazo watakuwa nyumbani kwa mama zao wakisubiri simu. Wenyewe wanagombania mkate, watapambana kwa nguvu zote, lakini ulinzi wanaoucheza ni ule wa ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Twende 1998. Mwaka ule kulikuwa na vijana wawili na mabishano hayakuisha: Peyton Manning na Ryan Leaf. Indianapolis Colts wakamchukua Manning namba moja, San Diego Chargers wakamchukua Leaf namba mbili. Pasi ya kwanza kabisa ya Manning katika mechi za Agosti, dhidi ya Seattle, ilimfikia Marvin Harrison na ikawa tachidauni ya yadi 48. Pasi ya kwanza! Ukiwa shabiki wa Colts usiku ule unalala na tabasamu. Ligi ilipoanza, Manning alinaswa pasi 28, rekodi mbaya kwa mgeni yeyote, na timu yake ikashinda mechi 3 na kufungwa 13.

Leaf je? Huyu alianza ligi kwa kushinda mechi mbili mfululizo, na hizo ni mechi za kweli. Ya tatu ilikuwa Kansas City. Alirusha pasi 15, ikashikwa moja tu, kwa jumla ya yadi 4. Msimu ukaisha akiwa na tachidauni 2 na pasi 15 zilizonaswa. Mwaka 2002 alikuwa ameshaachana na mchezo wenyewe, wakati Manning mwaka wake wa pili tu aliipeleka Colts kwenye ushindi wa mechi 13, na alipostaafu mwaka 2016 alikuwa na tuzo 5 za mchezaji bora wa ligi. Nani angesoma hayo kwenye mechi za Agosti 1998? Hata Septemba ilidanganya.

Na ile tachidauni ya yadi 48, tuseme ukweli, haikuwa kombora la angani. Ilikuwa pasi fupi na Harrison akafanya kazi iliyobaki kwa miguu yake. Jambo hilo hilo lilijirudia klabu ile ile miaka 14 baadaye. Agosti 2012, Andrew Luck, mrithi wa Manning na chaguo la kwanza la mwaka ule, alirusha pasi yake ya kwanza dhidi ya St. Louis Rams: mpira mfupi kwa Donald Brown, Brown akakimbia nao mpaka mwisho, yadi 63, tachidauni. Kwenye takwimu yadi zote 63 huandikwa kwa jina la kwotabeki. Luck kweli alikuwa mzuri, timu ilishinda mechi 11 mwaka huo, lakini ubora wake haukuwa umeonekana katika mpira ule.

Mfano wa upande wa pili ni wa karibuni zaidi. Mwaka 2021 New York Jets walimchagua Zach Wilson namba mbili. Agosti alicheza mechi mbili, akarusha pasi 20, zikashikwa 15, tachidauni 2, hakunaswa hata moja. Huko Green Bay alitulia kama mtu wa miaka kumi kazini, na New York ikachanganyikiwa. Mechi ya pili ya ligi, dhidi ya New England Patriots, pasi zake mbili za kwanza zote zilinaswa, na hadi kipenga cha mwisho zilikuwa nne. Bill Belichick, kocha wa Patriots, hakuwa na sababu tena ya kuficha kitu. Mwaka 2024 Jets wakamuuza Denver.

Basi kuna wanaosema mechi hizi ni upuuzi mtupu, zifutwe. Hapo nakataa. Naona zinafanya kazi nyingine, na watu tunaichanganya na ile tunayoitaka sisi. Mechi za Agosti hazipimi sana kipaji. Zinagawa nafasi. Na kwa kijana ambaye hakuchaguliwa namba moja wala mbili, nafasi ndiyo kila kitu.

Chukua Russell Wilson. Mwaka 2012 Seattle Seahawks walimchagua wa 75, wengi wakisema mfupi mno. Klabu ilikuwa tayari imemsajili Matt Flynn kwa mkataba mnono ili aanze yeye. Pete Carroll, kocha, akasema namba itagombaniwa. Mechi ya tatu ya Agosti akampa Wilson kikosi cha kwanza kule Kansas City, Seattle ikashinda 44-14, na siku mbili baadaye Carroll akatangaza kwamba mgeni ndiye ataanza. Februari 2014 Wilson alikuwa bingwa wa Super Bowl, 43-8, na kwotabeki wa upande uliofungwa alikuwa Peyton Manning. Angalia vizuri hapo: Carroll alikuwa anamwona Wilson mazoezini kila siku. Mechi ile ilimpa ushahidi wa kumwonyesha mwenye timu aliyelipa pesa za Flynn.

Halafu kuna tarehe 13 Agosti 2016, ambayo kwangu ndiyo mechi ya kujipima nguvu yenye mafunzo kuliko zote. Los Angeles, uwanja wa Coliseum, zaidi ya watu 80,000, Rams wamerudi mjini baada ya miaka mingi. Wamekuja na Jared Goff, namba moja wa mwaka. Goff akakamilisha pasi 4 kati ya 9, yadi 38, moja ikanaswa. Upande wa Dallas Cowboys akaingia Dak Prescott, chaguo la 135, ambaye alikuja kambini akiwa wa tatu kwenye foleni. Akakamilisha 10 kati ya 12, yadi 139, tachidauni 2. Siku 12 baadaye, mechi nyingine ya Agosti, Tony Romo wa Dallas akaumia mgongo. Prescott akapewa timu, akashinda mechi 13, akawa mgeni bora wa mwaka. Goff alianza mechi 7 na kufungwa zote 7.

Kwa hiyo Agosti ilisema kweli? Kwa miezi minne, ndiyo. Lakini Goff huyo huyo msimu wa 2018 aliifikisha Rams Super Bowl, na baadaye akiwa Detroit aliirudisha timu iliyokuwa kichekesho cha ligi kwenye nusu fainali. Namba moja husamehewa. Klabu imeweka heshima yake kwake, itambadilishia kocha, itamletea wapokeaji, itamsubiri. Sijui kama Prescott angepata subira hiyo kama zile pasi 12 zingemwendea vibaya, kwa sababu wa 135 hufungiwa virago kimya kimya na hakuna anayeandika.

Kyle Sloter anaijua habari hii. Mwaka 2017 alitoka chuo cha Northern Colorado bila kuchaguliwa na timu yoyote, akaenda Denver Broncos, na Agosti ile takwimu zake zilikuwa tamu kuliko za wengi waliolipwa mamilioni. Zilipatikana dhidi ya wachezaji wa mwisho wa orodha, na makocha walilijua hilo. Broncos wakamwacha, Minnesota Vikings wakamchukua, akazunguka timu kadhaa. Hakuwahi kurusha pasi hata moja katika mechi ya ligi ya NFL.

Mimi nikitazama mechi hizi siku hizi yadi siziangalii kabisa. Naangalia kama wenzake wanajipanga haraka akitoa maelekezo, au wanageuka kumuuliza. Naangalia macho: mpokeaji wa kwanza akizibwa, anamtafuta wa pili au anakimbia? Na baada ya kunaswa pasi, ile inayofuata anairushaje. Vitu hivi haviingii kwenye jedwali la gazeti, na kocha anaviona mazoezini kabla yetu.

Julai 31, mwaka 2000, huko Canton, Ohio, San Francisco 49ers walicheza na Patriots katika mechi ya kufungua Agosti. 49ers walikuwa na Giovanni Carmazzi, kwotabeki waliyemchagua wa 65. Alihangaika sana, na hakucheza mechi hata moja ya ligi maisha yake yote. Mwishoni upande wa Patriots aliingizwa kijana mwembamba wa San Mateo, California, chaguo la 199, aliyekulia akiishangilia hiyo hiyo 49ers. Hakuna aliyetoka uwanjani akimzungumzia. Belichick, ambaye angeweza kubaki na makwotabeki watatu kama klabu nyingi, alibaki na wanne ili asimpoteze. Jina lake Tom Brady. Msimu ule wote alirusha pasi 3, ikashikwa 1, yadi 6.