Njia ya Jock

Njia ni mali ya nani? Swali hili, msomaji, laonekana jepesi. Lakini katika nchi ya Uskoti liliwahi kufikishwa mbele ya waamuzi wakubwa kabisa wa Uingereza.

Ukitazama ramani ya Uskoti, upande wa mashariki utauona mto uitwao South Esk. Mto huo hupita katika bonde la Clova, hata ukaingia baharini penye mji wa Montrose. Huko juu, milima inapokaribiana, lipo bonde dogo liitwalo Glen Doll. Kutoka hapo njia nyembamba hupanda mlima, huvuka nyanda tupu zenye upepo mkali, kisha hushuka upande wa pili hata kijiji cha Braemar. Mwendo wake ni kama maili 14.

Njia hiyo haikuchongwa kwa amri ya serikali. Ilifanywa kwa nyayo na kwato. Wachungaji waliipita wakiswaga mifugo yao kwenda kuiuza katika masoko ya kusini, na wanakijiji waliipita kwa haja zao. Hapakuwa na hati yoyote iliyoandikwa, wala hapakuwa na aliyeona haja ya kuiandika.

Katika karne ya 19 mambo yalibadilika. Matajiri walinunua mashamba makubwa milimani ili wawinde kulungu, na mwindaji hapendi wapita njia wanaomtisha mnyama wake. Duncan Macpherson, aliyekuwa amerejea kutoka Australia, alilinunua shamba la Glen Doll, akakataza watu wasipite. Wenyeji hawakukubali. Mmoja wao alikuwa mchungaji John Winter, na husemwa kuwa njia hiyo yaitwa Njia ya Jock kwa ajili yake, kwani Jock ni jina la mzaha la John.

Basi chama cha kutetea haki za njia, kilichoasisiwa mjini Edinburgh mwaka 1845, kilimshtaki mwenye shamba. Je, ushahidi ungetoka wapi, ikiwa hati haikuwapo? Ulitoka vinywani mwa watu. Wachungaji waliokula chumvi nyingi waliitwa mahakamani, wakaeleza jinsi walivyoipita njia ile tangu ujana wao. Sheria ya Uskoti zama hizo ilitaka mambo mawili yathibitishwe: kwanza, kwamba njia yaunganisha mahali pa watu wote na mahali pengine pa watu wote, pili, kwamba umma umeitumia kwa muda wa miaka 40 kama haki yao, si kwa hisani ya mwenye ardhi. Chama kilishinda Edinburgh. Macpherson akakata rufani katika Baraza la Malodi mjini London, na huko pia, mwaka 1888, akashindwa.

Ushindi huo haukuwa rahisi. Gharama za kesi zilizilemea mno pande zote mbili. Lakini njia ilibaki wazi, na hata leo watu huipita. Mwaka 2003 bunge la Uskoti lilipitisha sheria inayompa kila mtu ruhusa ya kutembea karibu katika ardhi yote ya nchi hiyo, maadamu anatenda kwa uangalifu, haharibu mimea ya mkulima, wala haingilii faragha ya mwenye nyumba.

Hata hivyo, haki ya kupita si kinga ya mauti. Mwanzoni mwa Januari 1959, wasafiri watano waliokuwa wakitembea kwa miguu kutoka Braemar walikufa katika dhoruba ya theluji kwenye njia hiyo hiyo. Mlima hausomi hukumu za mahakama.

Msomaji, yatupasa kutafakari jambo moja hapa. Haba na haba hujaza kibaba: hatua ya mtu mmoja si kitu, bali hatua za vizazi zilikuwa na uzito kuliko fedha za tajiri. Lakini nyayo hazisemi. Kama wazee wale wangalifariki kabla ya kuulizwa, kweli yao ingalizikwa pamoja nao, na njia ingalifungwa. Kwa hiyo, waulize wazee wako wangali hai, nawe uyaandike watakayokuambia.