Kahawa ilipewa jina la Ruiru, bakteria wake bado ni 'fulani'

Mkulima wa Kanyakine, kule Imenti Kusini, akitaja Ruiru mara nyingi hazungumzii mji ulio karibu na Thika. Anazungumzia kahawa. Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 ikisifiwa kwa kustahimili chulebuni na kutu ya majani, na tangu hapo jina la mji huo limesafiri hadi kwenye miteremko ya Mlima Kenya bila kupotea njiani.

Kuna kitu kingine kilichotoka katika udongo wa Ruiru ambacho hakikubahatika hivyo. Kufikia mwaka wa 1970 watafiti wa kampuni ya Bayer ya Ujerumani walikuwa wamepata humo bakteria wa jenasi ya Actinoplanes. Bakteria huyu hutengeneza akabosi, kemikali inayopunguza kasi ya wanga kugeuka sukari tumboni. Ukitaka kujua faida yake, muulize mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake hupanda kila baada ya sahani ya ugali. Dawa yenyewe ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka wa 1990 kwa jina la Glucobay.

Basi dawa ina jina, na kampuni ina jina. Bakteria je? Katika hazina ya viumbe kule Uholanzi ana namba, CBS 961.70. Kizazi chake kilichohifadhiwa Marekani ni ATCC 31044. Na katika makala za kisayansi anaitwa Actinoplanes sp. SE50/110. Hiyo 'sp.' ni ufupisho wa 'spishi', na maana yake hapo ni spishi fulani, isiyotajwa. Mwaka wa 2012 jenomu yake yote, herufi zaidi ya milioni 9 za DNA, ilichapishwa. Yaani amesomwa herufi kwa herufi, na bado ni fulani!

Tusidhani kwamba kumpa bakteria jina ni jambo la kukaa chini na kubuni. Zamani ilikuwa karibu hivyo. Mholanzi Beijerinck alipowatenga bakteria wa vinundu vya mizizi ya kunde mwaka wa 1888 aliwaita Bacillus radicicola. Mwaka uliofuata Mjerumani Frank akawaita Rhizobium, na jina la Frank ndilo lililodumu. Kila mtu aliita apendavyo, majina yakarundikana kwa maelfu, mengine yakiwa ya kiumbe kilekile. Ndipo tarehe 1 Januari 1980 wanasayansi wakafagia nyumba. Ilitolewa orodha ya majina yaliyokubaliwa, yasiyofika 2,500, na lolote lililokosekana humo likapoteza hadhi.

Siku hizi anayedai spishi mpya hulinganisha DNA ya bakteria wake na ya jamaa zake wa karibu. Jenomu zikifanana kwa asilimia 95 au 96 na kuzidi, huyo si mgeni. Akivuka hapo hueleza umbo lake, chakula chake, joto analolipenda, kisha huweka kielelezo kilicho hai katika hazina mbili za nchi mbili tofauti. Bila chupa hizo mbili, jina halisimami.

Jina lenyewe nalo lina sarufi, na hapa msemaji wa Kiswahili yuko nyumbani. Kilatini kina upatanisho kama ngeli zetu. Mwaka wa 1999 watafiti wa Helsinki na wenzao walitangaza spishi mbili kutoka kwenye vinundu vya miti ya Sudan na Kenya, ikiwemo migunga na jamii ya mathenge. Moja waliiita Sinorhizobium arboris, yaani 'ya mti', nyingine Sinorhizobium kostiense, 'ya Kosti', mji wa Sudan. Baadaye zilipohamishiwa jenasi ya Ensifer, ambayo ni ya kiume, kostiense ikalazimika kuwa kostiensis. Ni sawa na 'kizuri' kugeuka 'mzuri' nomino inapobadilika. Kenya ilitajwa katika kichwa cha makala. Aliyeingia katika jina ni Kosti.

Kwa kanuni hiyo, Rhizobium mpya wa maharagwe ya Kanyakine angeweza kuitwa kanyakinense. Na yule wa Ruiru, kwa kuwa Actinoplanes ni ya kiume, angefaa kuwa ruiruensis. Kwa nini hakuwa? Nionavyo mimi, hakuna aliyelihitaji jina. Hataza haidai jina la spishi. Namba ya chupa inatosha. Mkataba wa kimataifa wa bayoanuwai, unaozipa nchi haki juu ya viumbe vyake, ulianza kufanya kazi Desemba 1993, udongo ukiwa umeondoka zamani. Ripoti moja ya mwaka wa 2006 kuhusu rasilimali za Afrika ndiyo iliyozusha mjadala wa faida ya dawa hiyo, na mwaka huohuo Kenya ikatoa kanuni zake za kuwaruhusu wanaotaka kuchukua viumbe kama hivyo.

Jina peke yake lisingeleta hata shilingi moja Ruiru, hilo tulikubali. Lakini ruiruensis ingemlazimu kila mwandishi, kila anapomtaja, aseme alikotoka. SE50 haisemi kitu.

Upande wa chupa haujawa mtupu kwetu. Kituo cha MIRCEN cha Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Kabete, kimefanya kazi na bakteria wa vinundu tangu miaka ya 1970. Kutoka huko ndiko ilikotokea Biofix, ile pakiti ya bakteria ambao mkulima huwachanganya na mbegu za maharagwe au soya kabla ya kupanda. Huko Embu nako, udongo wa karibu na msitu wa Irangi ulichimbwa katika mradi wa nchi saba wa kuchunguza viumbe wa ardhini, ulioanza mwaka wa 2002. Kanuni ya majina inadai hazina mbili katika nchi mbili. Haisemi zote ziwe ng'ambo.