Kabla hujamcheka anayeweka wese la buku tano: jinsi bei ya mafuta ilivyotuzalia daladala

Leo umbea wa mastaa tunauweka pembeni kidogo. Nina stori ya watu ambao majina yao hayajawahi kuandikwa popote, na hata hapa siyaandiki. Ila ukipanda daladala kesho asubuhi, ujue wao ndo walikutangulia.

Ilikuwa Agosti 2022. Unaukumbuka ule mwezi? Petroli hapa Dar iligonga shilingi 3,410 kwa lita, wakati mwanzoni mwa 2021 ilikuwa chini ya 2,000. Nilikuwa sheli nimesimama na bodaboda wangu. Ikaingia gari moja ya maana, vioo vyeusi, rimu zinameta. Jamaa akashusha kioo kidogo tu, kama mtu anayeficha sura, akamwambia dada wa pampu kwa sauti ya chini, "Niwekee ya buku tano."

Piga hesabu. Elfu tano ilikuwa haifiki hata lita moja na nusu. Dada wa pampu akacheka, bodaboda wakacheka, mi nikacheka zaidi ya wote. Nikaenda kuiweka status kabisa.

Jioni nikamsimulia bibi, nikijua na yeye atacheka. Hakucheka. Alikuwa anachambua mchele, akaniambia bila kuinua macho, "Babu yako angekuwepo hapo, angemfuata huyo kijana akampa mkono."

Nikakaa chini. Stori ikaanza.

Jumapili, mwisho saa nane

Turudi 1973. Oktoba mwaka huo ilizuka vita kati ya Israeli na nchi za Kiarabu. Nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zikapunguza uzalishaji na kuyanyima mafuta mataifa yaliyoonekana kuisaidia Israeli, ikiwemo Marekani na Uholanzi. Pipa la mafuta lililokuwa dola 3 hivi likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Yaani mara nne, ndani ya miezi michache.

Wenzetu wa Ulaya waliyumba. Uholanzi walipiga marufuku magari siku za Jumapili kuanzia Novemba 1973, watu wakawa wanaendesha baiskeli na kupanda farasi kwenye barabara kuu. Marekani walishusha spidi ya barabara kuu hadi maili 55 kwa saa, na kuna majimbo ulikuwa unaweka mafuta kwa zamu, kulingana na namba ya mwisho ya gari lako. Kama ni ya witi, siku yako ni ya witi. Kama ni shufwa, kaa nyumbani.

Sasa kama matajiri walifanya hivo, sisi je?

Sisi mafuta yote tulikuwa tunayaagiza nje, na tulikuwa tunayalipia kwa katani, pamba, kahawa na korosho. Bei ya mafuta ikipanda mara nne, bili yetu nayo inapanda. Kabla hatujapumua, 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera, tukaingia vitani, na mabasi na malori mengi ya kiraia yakaenda kubeba askari na mizigo. Mwaka 1979 vita vinaelekea kuisha, Iran nako kuna mapinduzi, mafuta yakapanda tena. Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Wazee wanakwambia ule mkanda ulikaa sana kuliko hiyo miezi.

Na sisi tukawa na Jumapili yetu. Magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Bila kibali, ukikutwa barabarani una kesi ya kujibu.

Bibi anasema harusi ya shangazi yangu mkubwa ilikuwa Jumapili, na saa saba unusu ukumbi ulishaanza kuwa mtupu. Wenye magari walikuwa wanakula wamesimama, jicho kwenye saa. Waliobaki wakicheza mpaka usiku ni wale waliokuja kwa miguu. "Siku hiyo," bibi anasema, "maskini ndo walikula keki."

Babu na Kombi ya jirani

Babu alikuwa dereva wa bosi kwenye shirika moja la umma. Gari ni Peugeot, inang'aa, lakini mafuta yanapimwa. Babu alikuwa na mambo yake: mteremko akiuona anatia nyutro, foleni anazima injini, safari mbili anaziunganisha kuwa moja. Bosi akitaka gazeti na barua na dawa, babu haendi mara tatu. Anasubiri vyote vifike ndo anatoka. Leo tungemuita bahili. Yeye alikuwa anaita "kuendesha kwa akili."

Ila tatizo kubwa la mji halikuwa la mabosi. Lilikuwa la watu wa kituoni. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam, DMT, ilitaifishwa 1970, na 1974 ikazaliwa UDA kwa ajili ya usafiri wa mjini. Sheria ikawa kwamba UDA peke yake ndo inabeba abiria. Sasa mji unakua kila siku, fedha za kigeni hazipo, spea hazipo, mafuta ni ya kubahatisha. Basi likiharibika linaegeshwa, likiegeshwa linanyofolewa kifaa ili jingine litembee. Watu wanaamka saa kumi alfajiri kupanga foleni ya basi, na bado kazini wanafika saa nne.

Hapo ndo zikaingia gari za wizi. Sio gari zilizoibwa, hapana. Gari halali zinazobeba abiria kwa kujiiba. Zilianza kuitwa thumni, kwa sababu ya nauli ya senti hamsini ya mwanzoni. Jirani wa babu alikuwa na Kombi. Mshahara wake hautoshi, mafuta yamepanda, Kombi imekaa uani inaota kutu. Wakakubaliana: babu akitoka kazini aichukue, apige tripu mbili tatu usiku, wagawane.

Na hapa nikamuuliza bibi, polisi je?

Bibi akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile. Kumbe na yeye alikuwemo! Alikuwa anakaa siti ya mbele. Wakikaribia polisi, anaanzisha wimbo wa harusi, abiria wote wanaitikia na kupiga makofi na vigelegele, hata yule aliyekuwa amelala. Polisi akichungulia anakuta watu wanakwenda harusini. Nenda, mama, hongereni sana. Watu ishirini hawajuani hata majina, lakini wimbo wanaimba pamoja, kwa sababu wote wanataka kufika nyumbani.

Ilifanya kazi mara nyingi. Mpaka usiku mmoja, askari mmoja akasikiliza wimbo ukaisha, halafu akauliza taratibu, "Bi harusi yuko wapi?"

Kimya. Hata mtoto hakulia.

Babu alilala rumande siku mbili. Alipotoka, kazi ya shirika hana. Bibi alikuwa na ujauzito wa mama yangu miezi saba.

Dala! Dala!

Kinachoniuma ni muda. 1983 ilikuwa ile ya msako wa wahujumu uchumi, watu wanatupa sabuni na sukari usiku wasikutwe nazo ndani. Na mwaka huohuo serikali ikakubali kilichokuwa wazi: UDA haiwezi peke yake. Watu binafsi wakaruhusiwa kupewa leseni za kubeba abiria. Kilichomfukuzisha babu kazi kikawa ajira halali.

Nauli ikawa shilingi tano. Sarafu ya shilingi tano watu walikuwa wanaiita dala. Makonda wakawa wanapiga kelele "dala! dala!", na jina likabaki mpaka leo hata baada ya sarafu yenyewe kupotea. Kulikuwa na vipikapu, kulikuwa na zile Chai Maharage, mnakaa kwenye mbao mnatazamana kama mko kikaoni. Babu akapata moja, akaendesha mpaka uzeeni.

Kwa hiyo ukiulizwa daladala ilitoka wapi, usiseme ilitoka kwenye fujo za Dar. Sehemu kubwa ilitoka kwenye mafuta. Mafuta yalipopanda, mabasi ya umma yakafa taratibu, gari za watu zikakaa uani, na watu wa kawaida wakagundua hesabu moja rahisi: lita ni ileile, ukiwa mmoja ndani au mkiwa ishirini.

Ile tabia tunayoilaani

Sasa nikuulize. Daladala inakukera wapi? Inasubiri mpaka ijae. Inakatisha ruti, inageuzia njiani. Inakimbia kama inafukuzwa. Konda anawaacha wanafunzi kituoni.

Bibi alinifafanulia hivi. Dereva kila siku ana hesabu ya bosi. Hiyo haishuki, hata mvua inyeshe. Mafuta anaweka mwenyewe kwenye pato la siku. Nauli imepangwa na serikali, hawezi kuipandisha. Baada ya hapo, kinachobaki ndo chakula chake na cha konda.

Sasa panda bei ya mafuta. Bosi hajashusha hesabu. Nauli iko palepale mpaka mamlaka ikae itangaze. Nani amebana katikati? Dereva. Atafanyaje? Atasubiri ijae, kwa sababu kuondoka nusu ni kuchoma mafuta bure. Atageuza njiani, kwa sababu mbele hakuna watu. Atakimbia ili apige tripu moja zaidi. Na mwanafunzi analipa nauli pungufu, kwa hiyo kila siti ya mwanafunzi anaiona kama tundu kwenye tenki lake.

Simtetei. Nimeachwa sana kituoni na sare zangu za shule, na siku moja nimekosa mtihani wa nusu muhula kwa ajili hiyo. Nilimlaani yule konda mwaka mzima. Ila leo najua kwamba sikuachwa na roho mbaya tu. Niliachwa na bei iliyopandishwa mbali sana, na watu wasiojua hata kama kituo changu kipo.

Na sisi sasa

2022 serikali iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali. Hata hivyo nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka 400 ikaenda 500, na mwishoni mwa 2023 ikawa 600. Mia mia hizo mtu mwenye gari anaziona ndogo. Mama yangu anauza vitumbua, anakwenda na kurudi kila siku. Alianza kushuka vituo viwili kabla na kumalizia kwa mguu, ndoo kichwani, ili akwepe gari ya pili. Hakumwambia mtu. Tulijua tulipoona viatu vimeisha upande mmoja.

Kaka yangu ana bajaji. Yeye na wenzake wakahamia gesi asilia, kwa sababu kilo ya gesi ilikuwa karibu nusu ya bei ya lita ya petroli. Ila vituo vichache, foleni ndefu. Kuna usiku analala kwenye foleni, bajaji mbele, bajaji nyuma. Nikimpelekea chai namkuta na jamaa wanacheza karata, wanachekeana, hawajuani majina. Nikakumbuka Kombi ya jirani na wimbo wa harusi.

Angalia na wenye magari. Majirani watatu mtaani kwetu wanaofanya kazi Posta walikuwa wanatoka na gari tatu. Siku hizi wanatoka na moja, kwa zamu, wanachanga wese. Jumapili hakuna sheria ya saa nane tena, lakini gari nyingi zimelala zenyewe. Mtu anawasha tu injini dakika tano betri isife, anazima, anapanda mwendokasi.

Hizi tabia zikiingia hazitoki kirahisi. Wese likishuka kesho, wale majirani sidhani kama watarudi kwenye gari tatu. Wameshazoeana, wana stori zao za njiani. Daladala nayo ilikuwa ya dharura, ona ina zaidi ya miaka 40.

Ile status yangu niliifuta usiku uleule. Yule jamaa wa vioo vyeusi simjui, labda alikuwa anampeleka mtoto hospitali, labda alikuwa na hiyo elfu tano tu na siku ndefu mbele. Aliweka alichonacho, akaondoka taratibu, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Na nimekumbuka kitu. Sheli ile iko juu ya kamlima, na alipotoka tu, sikusikia injini yake ikinguruma. Alitia nyutro.

Mdau, nyumbani kwenu bei ilipopanda mlibadilisha nini? Na kama una bibi au babu aliyewahi kuimba wimbo wa harusi bila bi harusi, muulize leo, halafu dondosha komenti. Majina usiweke.