Selimundu

Selimundu ni seli na mundu. Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe nyekundu ya damu ikipungukiwa oksijeni hupinda mfano wa mundu, ikaziba mishipa midogo, na mifupa ikauma vibaya. Wengi husema sikoseli, lakini selimundu linaeleza zaidi.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya jeni ya ugonjwa huu. Seli shina za damu ya mgonjwa hutolewa, jeni BCL11A hudhoofishwa maabarani, kisha seli hurudishwa baada ya kemotherapia kali. Huanza kutengeneza himoglobini ya kichanga, isiyopindisha chembe. Victoria Gray wa Mississippi, aliyetibiwa 2019 tiba hii ikiwa bado kwenye majaribio, aliachana na maumivu yaliyomwandama tangu utotoni.

Bei Marekani: dola milioni 2.2. Tanzania, wazazi wa watoto wenye selimundu bado wanahangaikia vidonge vya haidroksiyurea.