Askari Asiye na Jina Karamuni: Riwaya ya Mrs Dalloway na Utawala wa Amani Baada ya 1918

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Katika upande wa Afrika, jeshi la Wajerumani lilisalimu amri huko Abercorn wiki mbili baadaye, tarehe 25. Wanahistoria wamezoea kufunga sura ya vita kwa tarehe hizo na kufungua nyingine iitwayo amani. Virginia Woolf, katika riwaya yake ya Mrs Dalloway iliyochapishwa London mwaka 1925, aliukataa mpaka huo. Masimulizi yanahusu siku moja tu ya Juni 1923. Clarissa Dalloway, mke wa mbunge, anatoka asubuhi kununua maua ya karamu yake. Septimus Warren Smith, askari wa zamani, anazungukazunguka katika mji huohuo pamoja na mkewe Lucrezia, na kabla ya usiku kuingia amejitupa dirishani akafa. Wawili hao hawakutani kamwe.

Uhakiki mwingi wa riwaya hii umejikita katika mbinu zake za usasa: mtiririko wa fikra, kuvunjwa kwa mfuatano wa wakati, mlio wa saa ya Big Ben unaowarudisha wahusika katika saa ya pamoja. Mbinu hizo zina uzito wake. Hata hivyo, makala hii inadai kwamba riwaya ina thamani nyingine kwa mwanahistoria: inaonyesha jinsi taasisi za wakati wa amani zilivyoamua ni nani aliyeumizwa na vita, na ni nani mwenye mamlaka ya kulisema hilo.

Historia ya utunzi wenyewe inaunga mkono dai hili. Katika utangulizi wa toleo la Marekani la mwaka 1928, Woolf alieleza kwamba hapo mwanzo Septimus hakuwamo kabisa. Aliyekusudiwa kufa, pengine kwa mkono wake mwenyewe, ni Clarissa. Shajara yake ya Oktoba 1922 inaonyesha mpango ukibadilika, akili timamu na wazimu vikiwekwa bega kwa bega. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilikuwa imetoa ripoti ya kamati iliyoongozwa na Lord Southborough kuhusu mshtuko wa makombora, istilahi iliyoingia katika maandishi ya kitabibu kupitia makala ya Charles Myers ya mwaka 1915. Kamati ilipendekeza istilahi hiyo iachwe. Ilisisitiza pia kwamba askari asiachwe aamini kuwa kushindwa kuitawala akili yake ni njia ya heshima ya kuondoka vitani. Hoja hapa si kwamba Woolf aliinakili ripoti. Ni kwamba wote wawili walikuwa wakijibu swali lililokuwa hewani mwaka ule: maradhi yaishie wapi na woga uanzie wapi? Halikuwa swali la kinadharia. Miongoni mwa askari waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama utoro na woga, 306 walikuja kusamehewa kisheria mwaka 2006 tu.

Riwaya inalijibu swali hilo kupitia madaktari wawili. Dkt. Holmes, daktari wa kawaida, anashikilia kwamba Septimus hana ugonjwa wowote; atafute jambo la kumchangamsha, asijifikirie mno. Sir William Bradshaw, bingwa wa Harley Street, ana ujuzi zaidi na ni wa hatari zaidi. Anautambua uzito wa hali ya mgonjwa ndani ya dakika chache, kisha anaamuru apelekwe katika nyumba ya mapumziko, mbali na mkewe. Lucrezia anapopinga, jibu analopewa si la kitabibu: mumewe ametishia kujiua, basi hilo ni jambo la sheria. Kihistoria jibu hilo ni sahihi kabisa, kwani kujiua kulibaki kuwa jinai nchini Uingereza hadi mwaka 1961. Woolf ameweka tiba na dola katika kinywa kimoja. Na Holmes anapopanda ngazi kwa nguvu jioni ile, na Septimus akachagua dirisha, neno la kwanza la daktari juu ya maiti ni kumwita mwoga. Hapo msamiati wa mahakama ya kijeshi unasikika chumbani mwa raia, miaka mitano baada ya bunduki kunyamaza.

Tahadhari inahitajika hapa. Bradshaw amechorwa kwa kejeli kali, na mwandishi aliyekuwa ameyaonja mapumziko ya kulazimishwa hakuwa shahidi asiyeegemea upande. Walikuwapo madaktari waliosikiliza, kama W. H. R. Rivers katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, ingawa hospitali ile ilikuwa ya maofisa. Anayetafuta takwimu za matibabu asizitafute kwenye riwaya. Kinachopatikana humo ni kitu ambacho ripoti ya kamati haikuweza kukibeba: upande wa ndani wa mtu anayejadiliwa. Septimus anamwona Evans, ofisa wake aliyeuawa Italia muda mfupi kabla ya vita kusimama; anakumbuka alivyojipongeza kwa kutohisi chochote kifo kile kilipotokea, na sasa kutohisi huko ndiko kunakomtisha. Ganzi iliyokuwa sifa ya askari mwema imekuwa dalili ya ugonjwa. Hapa mtiririko wa fikra si urembo wa kimtindo, bali ndiyo njia pekee ya kuingiza ushahidi huu katika kumbukumbu.

Karamuni, Bradshaw anazungumza faraghani na Richard Dalloway kuhusu muswada wa sheria: yafaa athari za mshtuko wa makombora zinazochelewa kujitokeza ziwekewe kifungu. Mkewe anamweleza Clarissa kwamba kijana mmoja aliyekuwa jeshini amejiua. Jina halitajwi. Huenda sera njema ikazaliwa usiku ule, lakini itazaliwa kutokana na kisa kilichokwisha kupoteza mwenyewe.

Suala la majina linaisukuma riwaya nje ya London, hadi mahali ambapo yenyewe haifiki. India imo, kupitia kwa Peter Walsh aliyerejea kutoka huko. Wapagazi wa Afrika Mashariki hawamo hata kwa dokezo. Kikosi chao, ambacho jina lake la Kiingereza lilitamkwa na wenyeji Kariakoo, kimebaki katika majina ya mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi. Uchunguzi wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, uliotolewa mwaka 2021, ulikadiria kuwa watu wasiopungua 116,000, na labda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa wapagazi ilionekana sanamu za pamoja za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zinatosha. Septimus alipata angalau daktari mbaya.

Kilichofika katika makoloni pasipo kuchelewa ni sheria aliyoitaja Bradshaw. Kanuni za adhabu za Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizotungwa chini ya utawala wa Kiingereza, ziliingiza jaribio la kujiua katika orodha ya makosa, na kosa hilo liliendelea kuishi vitabuni baada ya Uingereza kulifuta kwake. Nchini Kenya ilikuwa Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba.